Uji wa Shosho Murugi

Kitabu kile Murugi alikiazima mwenyewe kwa Sejal, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini Nyeri; hakulazimishwa na mtu. Kilikuwa riwaya ya vijana yenye mambo ya kutisha: msichana anaamka kila asubuhi akiwa amepungukiwa na kitu, leo kivuli, kesho sauti, huku bibi yake, aliyempa jina, akizidi kuwa kijana. "Jina moja halilishi watu wawili," bibi huyo alisema, na Murugi akasisimkwa na mwili.

Kwao pia palikuwa na Murugi wawili. Mkubwa, Shosho wake, yaani mama mzazi wa baba yake, Waweru, alikuwa ametoka kijijini kwake Wamagana mwezi uliopita ili awe karibu na kliniki yake ya moyo. Alikuja akijikokota kwa mkongojo. Sasa alifagia ua akiimba nyimbo za kanisa. Mjukuu naye sketi ilimteleza kiunoni hata akaibana kwa pini. Nani asingeshuku? Kwamba tangu aanze riwaya ile hakulala wala kula vizuri, hilo hakulitia akilini. Aliukodolea macho kila mkono wa bibi uliomkaribia, na uji aliopikiwa akaumwaga kwenye migomba.

Siku moja bibi alimfumania.

"Wajina, mbona unamwaga uji yangu? Niko na wasiwasi na wewe."

"Wasiwasi gani, Shosho? Wewe unapona, mimi naisha! Ati unafikiri sijui unanikula?"

Jioni hiyo bibi alimwambia Waweru, "Nirudishe nyumbani. Mtoto ananiogopa. Wacha niende, yeye akule." Waweru alisihi mpaka akachoka, lakini bibi alishikilia lake.

Murugi alishusha pumzi. Hata hivyo, wiki mbili zilipita bila bibi nyumbani, na sketi ikahitaji pini ya pili. Hapo moyo ulimwuma. Kama mlaji ameondoka, nani sasa alikuwa akimla?

Jumamosi alimsihi baba yake wakaenda Wamagana. Walimkuta bibi ameketi mlangoni, miguu imevimba, pumzi zikimkatika. Siku mbili za kliniki zilikuwa zimempita. Murugi alipiga magoti akilia, akikosa pa kuanzia kuomba msamaha. Bibi alimshika kiuno kilichokonda.

"Wajina," alisema kwa shida, "umekula?"

Basi Murugi akamjua adui yake: ni shaka aliyoilea mwenyewe kifuani. Hakika, kikulacho ki nguoni mwako.