Kofi la Nyuma ya Pazia

Imepokewa kutoka kwa watu wa kheri waliotutangulia kwamba palikuwa na mji mdogo bondeni, kwenye njia ya misafara, na imamu wa msikiti wake aliitwa Sheikh Ghalibu bin Harithi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa elimu, mwenye kisomo kitamu. Mkewe alipofariki, na binti yao wa pekee akawa ameolewa nchi ya mbali, alibaki peke yake katika nyumba ya wakfu waliyokuwa wakipewa maimamu wa mji ule. Upweke ulimchoma. Akila, alikula peke yake. Akipiga chafya na kumhimidi Mola wake, hakuwapo wa kumwombea rehema.

Basi akaikimbia nyumba yake. Baina ya swala na swala akawa anashinda kwenye baraza ya msikiti, akiwahoji wasafiri: nani kafa, nani kaachana na mkewe, mvua imenyesha wapi. Ikawa hapitwi na neno. Wala hakuwapo wa kumlaumu, kwa kuwa wanaume wa mji walikuwa papo hapo naye. Nyingi katika habari zile hazikuwahusu ndani wala nje, na hizo ndizo zilizowanogea zaidi.

Siku moja msafiri alikuwa akiwahadithia ugomvi wa ndugu wawili watawala, wa nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Ndugu mkubwa amekwisha kufika langoni na jeshi lake, mdogo yuko ndani na funguo mkononi, ndipo mwadhini akaadhini Alasiri. Msafiri akanyamaza. Watu wakaingia kuswali, na lile lango wakaingia nalo.

Katika rakaa ya tatu Sheikh Ghalibu aliinuka kutoka kwenye sijda akaketi, akaanza kusoma tahiyatu ya mwisho. Nanyi mnajua sunna ilivyo: imamu akikosea, mwanamume aliye nyuma yake hutamka Subhanallah, na mwanamke hupiga kofi, kiganja juu ya mgongo wa mkono. Wanaume arobaini walikuwa nyuma yake, na hakuna aliyetamka. Lakini nyuma ya pazia, upande wa wanawake, kofi lililia mara moja, kisha mara ya pili.

Sheikh alilisikia. Akajiambia kwamba huyo ni kikongwe tu, na wanaume arobaini hawawezi kukosea wote kwa pamoja. Akatoa salamu. Watu wakatoka mbio kurudi barazani, naye akainuka awafuate. Hapo akasikia, nyuma ya pazia, mtu bado anaswali. Akangoja.

Alikuwa Bi Umaima, mjane msokota nyuzi za sufi, asiye na mtoto wala jamaa. Alipomaliza, Sheikh alimuuliza kwa upole alikuwa akiswali nini.

"Rakaa iliyobaki, sheikh wangu. Ulikaa katika ya tatu."

"Una hakika, bibi? Watu arobaini hawakusema kitu."

"Hawakuwapo," akasema. "Na wewe pia hukuwapo, uniwie radhi."

Sheikh akamuuliza amejuaje kwa yakini. Bi Umaima akasema: "Mimi kutwa nzima sisemi na mtu, sheikh. Mara tano hizi ndipo ninaposema nikasikilizwa. Nitapotezaje hata moja?"

Maneno hayo yalimwingia Sheikh Ghalibu kuliko waadhi wote aliopata kuusikia, maana alijua kuwa yeye na mwanamke yule walikuwa na nyumba zinazofanana. Mmoja alikaa ndani yake na mwenzake aliikimbia.

Sasa akawa na la kuamua. Akisema, watu watamwona imamu asiyejua anachoswali. Walikuwapo waliokwisha kumtaja kijana mwanachuoni wa mtaa wa pili, na imamu anayeondolewa huondoka pia katika nyumba ya wakfu. Akinyamaza, swala za watu arobaini zitakuwa shingoni mwake. Akatoka. Barazani mmoja akamwashiria asubiri kidogo, ndugu mdogo ndiyo kwanza anashika komeo la lango. Na Sheikh, Mungu amrehemu, alisimama akasikiliza. Mwenyewe alikuja kukiri baadaye kwamba alisimama na kusikiliza, huku akijua. Kisha akajishika, akasema kwa sauti kwamba swala ile ilikuwa rakaa tatu, na kosa ni lake.

Wengi wakabisha, wakisema ziliswaliwa nne kamili. Sheikh akamtaka aliye na yakini aape kwa Mwenyezi Mungu. Wakatazamana. Hakuna aliyeapa kuwa ni nne, na hakuna aliyeweza kuapa kuwa ni tatu. Wakaona haya wote, wakaingia kuswali upya. Walipotoka, msafara wa yule msafiri ulikuwa umeondoka, na yaliyojiri pale langoni mji ule haukuyajua kamwe.

Hawakumwondoa. Waliogopa kumhukumu kwa jambo walilokuwa wameshirikiana naye. Lakini tangu siku hiyo alirudi nyumbani baada ya kila swala, akakaa katika kimya alichokuwa akikikimbia. Siku za mwanzo alilia. Mawazo yalimponyoka kama mbuzi mtundu, naye akayafuata na kuyarudisha, mara mia kwa siku. Watu wa barazani wakazoea kutokuwapo kwake, na salamu zikapungua.

Miaka ikapita, Bi Umaima akafariki. Sheikh Ghalibu alimswalia, akamzika, akarudi kuswalisha Alasiri. Alipoinuka kutoka kwenye sijda ya rakaa ya tatu alijua kuwa ni ya tatu. Akasimama kwa ya nne, machozi yakimchuruzika. Nyuma ya pazia hapakuwa na mtu.

Ndugu zangu, mimi ninayewasimulia haya, jana niliswali Alasiri nyuma ya imamu, na nikiulizwa nilikuwa wapi sina jibu. Nyumba yangu imejaa watu, alhamdulillahi, na habari hunifikia hata nisizoziuliza. Ila ninapotoa salamu siku hizi hugeuza shingo nikatega sikio, nikihofu kofi la bibi yule.