Joho la Chama cha Mambo Yasiyokuwepo

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana mimi mwenyewe nilikuwepo na kipara nilikuwa nacho tayari, palikuwa na chama cha wasomaji mjini Korogwe. Kilijiita Chama cha Mambo Yasiyokuwepo. Wanachama wake walisoma riwaya za safari za angani, za majini, za miji iliyo chini ya bahari, na za dunia ya kesho kutwa. Wakishasoma, waligombana.

Waligombana kwa raha zao. Mmoja alisema vitabu vya majini viondolewe kwenye mambo yasiyokuwepo, kwa sababu majini wapo na shemeji yake anaishi nao. Mwingine alitaka kujua kwa nini watu wa Mirihi wote wanazungumza Kiswahili sanifu wakati hapa Korogwe tunakiboronga. Mwingine alinifuata mpaka sokoni kuniuliza, ndani ya chombo changu cha angani choo kiko wapi. Ndiyo, chombo changu. Mwandishi nilikuwa mimi. Nilikuwa nimetoa riwaya mbili, na zote mbili zilisifiwa kwa karatasi nzuri.

Chama kilikuwa na desturi mbili. Zishikeni, maana ugomvi wote umo humo.

Ya kwanza: kitabu hakikuazimishwa kabla hakijapita kwa muonjaji, kama mchuzi unavyoonjwa chumvi kabla wageni hawajakaribishwa. Muonjaji alikuwa Bi Zuhura Mndolwa, muuguzi mstaafu, ambaye hata akikusifu ulijihisi umechomwa sindano. Ya pili: kila mwaka kitabu kimoja kilipewa joho. Mwenyekiti hakuligusa. Alichaguliwa msomaji aliyeguswa kuliko wote, naye akamvisha kwa mikono yake mwenyewe mtu aliyemgusa.

Basi nikaandika riwaya ya tatu. Ilimhusu Nyamizi, binti aliyechukuliwa na watu wa nyota, akahangaika huko angani mpaka akawa mtu mzima, akitafuta njia ya kurudi kwa mama yake.

Mambo yakageuka. Watu wakaanza kunisalimia wao kwanza. Dereva wa bodaboda alisimama katikati ya barabara akaniambia, "Mzee, ule mwisho umeniweza." Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa la mke wangu, Mwanaisha. Hakuwahi kumaliza kitabu changu hata kimoja, na mwenye makosa ni mimi: akifungua tu, nasimama nyuma yake namuuliza amefika wapi. Safari hii aliazima nakala ya chama, akaenda kuisomea kwa dada yake. Alirudi macho mekundu, akanishika mkono. Ndoa yetu yote nilikuwa nautafuta mkono ule. Nilitembea nyumbani kama mtu aliyepandishwa cheo.

Siku ya joho ikafika. Kitabu kilikuwa changu, na mvishaji alikuwa Mwanaisha. Nikavaa shati jipya lenye mabega mapana. Akasimama mbele ya ukumbi, joho mikononi, akaeleza kilichomliza.

"Ni pale mwishoni," alisema. "Nyamizi anaiona nyumba yao kutoka juu. Mama amezeeka. Bado anaandaa sahani mbili, yake na ya mtoto, na ile ya mtoto anaifunika kawa. Nyamizi anajua akitua, chombo hakitaruka tena. Anatua. Anaingia, anakaa, anafunua kawa, anakula. Mama hamuulizi kitu. Anamwongezea mchuzi tu."

Watu wakatafuta leso. Na mimi nililia. Halafu nikakumbuka kwamba sikuandika hivyo.

"Mama Mwajabu," nikamwita mke wangu taratibu, "hayo umeyasoma wapi?"

"Nakala yangu haikuwa na kurasa za mwisho," alisema. "Nikadhani zimechomoka. Kabla sijarudi nyumbani nilimpeleka mtoto kunyolewa, nikamuuliza Kibwana, akanisimulia."

Kibwana Sempule, kinyozi wetu, akainuka kule nyuma. "Hata yangu haikuwa nazo," alisema. "Na mimi nilikuwa nawasimulia wateja, kila siku kipande. Siku ya kipande cha mwisho viti vimejaa, mtu kanyolewa upande mmoja ananiuliza, ehe, kisha? Ningefanyaje? Nikasema mwisho nilioutaka mimi. Mama yangu alifariki nikiwa mbali, kikazi. Sahani ile ni yake."

"Sasa kurasa zilikwenda wapi?" akauliza mwenyekiti.

"Nilizikata mimi," akajibu Bi Zuhura. "Kwa wembe, nakala zote." Akanigeukia. "Mwanangu, hebu waambie mwisho wako ulikuwaje."

Nikakohoa. Nikafikiria kuugua. "Nyamizi anaamka," nikasema. "Yuko kitandani. Amechelewa shule. Kumbe ilikuwa ndoto."

Ukumbi mzima ukaguna. Yule bwana wa choo akasema, "La choo nilishamsamehe. Hili siwezi."

Mwenyekiti akasema joho ni moja na halikatwi. Mwenye dai aseme.

Bi Zuhura akasema, "Ningeuacha mwisho ule, Kibwana angepata wapi pa kuiweka sahani yake? Na huyu dada angerudi nyumbani akipiga miayo. Kuonja ni pamoja na kutema."

Kibwana akasema, "Joho humwendea aliyemgusa msomaji. Mama Mwajabu alilia kwa sababu ya sahani. Mimi sina zaidi."

Na mimi nikasema, "Sahani ni ya mama wa nani, kama si wa Nyamizi? Nani alimpeleka Nyamizi mbali kiasi hicho, hata kurudi kwake kukawa jambo la kulia? Kibwana, kila wiki unawasimulia wateja habari za timu ya mtaa wenu. Nani aliwahi kulia? Mimi nilimbeba binti huyu nyota kwa nyota mpaka juu ya paa la kwao. Nikateleza mwishoni tu." Nadhani hayo ndiyo maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kutunga, na hakuna aliyeyaandika.

Mwanaisha alimtazama Bi Zuhura, aliyekuwa amekunja mikono. Akamtazama Kibwana, aliyekuwa akijifuta macho kwa taulo la kazini. Kisha akanitazama mimi, na nikaona anautafuta kwa macho ule mkono alionishika siku ile, kama anayejiuliza alimshika nani. Akapiga hatua. Mimi nilikuwa nimeshainama, asije akapata tabu kuyafikia mabega.

Sasa ninyi mliokaa hapa, msinipendelee kwa kuwa msimulizi ni mimi. Joho lingekuwa mikononi mwenu, mngemvisha nani: aliyeukata mwisho, aliyeushona, au huyu aliyeinama?