Fisi Aliyepaka Kahawa Rangi

Paukwa!
Pakawa!
Mnaitikia kama mliolala njaa. Paukwa!
Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mlimani kulikuwa na wanyama wakulima wa kahawa, kila mmoja na miti yake michache. Mlanguzi aliwanyonya mpaka wakachoka, wakaunda ushirika. Wakampata Bibi Korongo, mnunuzi wa ng'ambo, anayelipa bei ya haki. Sharti lake lilikuwa moja: kahawa iliyoiva tu, nyekundu. Akikuta mbichi anaruka zake, na harudi.

Fisi naye alikuwa mwanachama. Mwanachama gani yule, lo! Shamba magugu matupu, kazi mdomo. Alichotaka ni uenyekiti, na uenyekiti ulikuwa wa atakayeleta magunia mengi kuliko wote.

Wenzake walichuma nyekundu, wakaacha mbichi, wakarudi mti uleule, wakarudi tena. Fisi akawacheka. "Mti mmoja mara tatu? Nyie mmerogwa."

Yeye akashika tawi, akalikamua lote: nyekundu, mbichi, hata vitumba vya msimu ujao. Kisha akakoroga udongo mwekundu, akazipaka zile mbichi.

Mkewe akamwambia, "Baba watoto, acha." Akajibu, "Wewe pika."

Jirani yake Pimbi akamwambia, "Jirani, utatuponza sote." Akajibu, "Ufupi huo, unaona nini?"

Kinyonga akamwambia, "Mambo ya rangi niulize mimi. Hiyo haishiki." Akajibu, "Wewe hata rangi yako mwenyewe huijui."

Magunia yake yakawa mengi kuliko ya wote. Na wale wanyama, wajinga wale, wakapiga makofi, wakampa kiti. Fisi akavimba, hata salamu akawa anaitikia kwa kidole.

Bibi Korongo akaja. Kahawa huoshwa kabla ya kupimwa, na heshima ya kuanza ni ya mwenyekiti. Gunia la Fisi likamwagwa kwenye birika la kuoshea. Maji yakawa mekundu, kahawa ikawa kijani.

"Ni ukungu huo wa mlimani unawadanganya macho," akasema Fisi. Ukungu! Wa rangi gani, jamani?

Korongo akakunjua mabawa. Pimbi akamshika mguu huku akilia. "Bibi, ukiondoka tunarudi kwa mlanguzi. Osha na zetu kwanza." Ikaoshwa ya Pimbi, ikaoshwa ya Kinyonga, ikaoshwa ya kila mmoja. Nyekundu tupu. Korongo akakunja mabawa, akanunua.

Fisi akavuliwa uenyekiti, akabebeshwa mbichi zake. Msimu uliofuata akaenda shambani, akakuta matawi matupu, maana vitumba alivikamua mwenyewe. Njaa ikampeleka kwa Pimbi kuomba kibarua.

Pimbi akampa kikapu. "Nyekundu tu, Mwenyekiti," akamwambia.

Basi jueni: anayewapunja wenzake hujipunja mwenyewe, na ushirika hauna adui kama mwanachama mwongo.

Hadithi yangu inatua mzigo hapa. Aliyeipenda aichukue, na mwenye tabia za Fisi akanawe mikono.