Kuta za Kibanda

Ndugu zangu, Shabat shalom. Matangazo ya Sikukuu ya Vibanda yatasomwa baada ya sala, na ratiba yenyewe imebandikwa pale mlangoni. Kamati imeifanyia kazi kwa bidii, nami nawashukuru. Lakini kabla hatujafika huko, nitegeeni sikio kidogo. Kuna fundi mmoja nataka mumjue.

Palikuwa na fundi seremala katika nchi ya baridi, kule juu ambako viazi hustawi na ukungu huchelewa kuondoka asubuhi. Alikuwa mtu wa sinagogi, katika kusanyiko dogo kama hili letu. Mikono yake ilikuwa hodari na moyo wake laini. Ukimwomba kitu, hakujua kusema hapana. Na shida yake ilianzia hapo, kwa maana mtu asiyejua kusema hapana hujifunza kusema ngoja.

Nyuma ya ua wa sinagogi aliishi mjane mmoja mzee pamoja na wajukuu wake. Hakuwa Myahudi. Jumapili alikwenda kanisani kwake, akaimba mpaka mbwa wa jirani wakamjibu. Mtaa mzima ulimwita Nyanya. Paa la nyumba yake lilikuwa limeliwa na kutu hata likawa kama chujio la chai. Basi baada ya mavuno ya viazi, Nyanya akanunua mabati mapya, yakapelekwa karakana kwa fundi, kwa kuwa fundi ndiye aliyekubali kumwezekea. Yakaegemezwa ukutani, yanang'aa, yanangoja.

"Lini, fundi?" Nyanya akauliza.

"Hivi karibuni, Nyanya. Acha tu Mwaka Mpya wetu upite. Nina mabenchi ya sinagogi ya kukarabati, na siku hiyo watu watajaa."

Mwaka Mpya ukaja. Pembe ya kondoo dume ikapulizwa, watu wakala tofaa na asali wakatakiana heri. Nyanya akachungulia tena mlangoni mwa karakana.

"Sasa ni baada ya Mfungo," fundi akasema. "Siku hizi ni za toba, Nyanya. Tunashinda kwenye sala."

"Toba ni kitu kizuri," Nyanya akajibu. "Hata mimi nimetubu jana. Nilikuwa nimelitukana wingu."

Nanyi mnajua desturi yetu kabla ya Mfungo wa Upatanisho. Hatuendi mbele za Mungu tukiwa tumemkosea jirani, mpaka kwanza tumwendee jirani mwenyewe. Fundi aliijua sheria hiyo na aliiheshimu. Akazunguka ua, akabisha hodi kwa Nyanya, akavua kofia.

"Nyanya, nisamehe. Nimekuchelewesha."

"Nimekusamehe, mwanangu. Kaa unywe chai. Ila usikae hapo, hapo panavuja. Sogea huku."

Akasogea, akanywa chai, wakacheka. Akatoka mle ndani moyo wake ukiwa mwepesi kama unyoya. Siku ya Mfungo alisali kwa machozi, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Swali langu kwenu ni dogo tu: paa lilikuwa wapi? Paa lilikuwa bado karakana, limeegemea ukuta.

Mfungo ulipokwisha, fundi hakungoja hata kushiba. Alitoka na nyundo yake akapigilia kigingi cha kwanza cha kibanda, kama walivyofanya baba zake. Kwa ajili ya wageni walio nasi leo, niseme kidogo kibanda ni nini. Kwa muda wa wiki moja tunatoka katika nyumba zetu imara, tunakula katika kibanda cha muda, tukiwakumbuka wazee wetu waliotangatanga jangwani. Kuta zake zaweza kuwa za kitu chochote. Lakini paa lazima liwe la matawi, nalo liwe jepesi, ukiinua macho uione mbingu. Kwa hiyo kibanda halali huvuja. Na wenye hekima waliliona hilo, wakatupa ruhusa: mvua ikinyesha hata chakula kikaanza kuharibika, tuingie ndani.

Mwaka uliotangulia fundi alikuwa amejenga kuta za turubai, upepo ukazipasua mbele ya watu. Mwaka huu aliapa moyoni kwamba kibanda cha sinagogi kitasimama. Alikata mianzi, akakusanya matawi ya mkaratusi, wanawake wakaleta mahindi na maboga ya kuning'iniza. Kilichobaki ni kuta. Akasimama katikati ya karakana akiwaza, na macho yake yakatua kwenye mabati.

Msimhukumu upesi. Hakuyaiba. Alikwenda kuomba kama muungwana.

"Nyanya, waweza kuniazima mabati yako kwa wiki ya sikukuu? Nitayafunga kwa kamba tu, sitatoboa hata tundu moja. Halafu sikukuu ikiisha, kazi yangu ya kwanza ni paa lako."

Nyanya akamtazama, akatikisa kichwa akicheka. "Ninyi watu wa sinagogi mna sikukuu nyingi kuliko vifaranga vya kuku wangu. Haya, chukua. Cha Mungu hakinyimwi."

Alipokuwa akiyatoa karakana begani, mkewe alikuwa anamenya viazi mlangoni. Akamwangalia akipita mara ya kwanza. Mara ya pili akasema, "Baba Asheri, mwezi huu wote Mungu amepata sikukuu, na Nyanya amepata mabeseni ya kukingia maji."

"Amekubali mwenyewe," fundi akasema.

"Najua amekubali. Nani anakukatalia wewe?"

Kibanda kikasimama, na kilipendeza, tusifiche. Jua la mchana lilipiga kwenye mabati yale, kikang'aa kama kinara. Watu wakaja, wakagonga kuta kwa vidole, wakampongeza fundi. Rabi mwenyewe akasema hajaona kibanda imara namna hiyo. Na kwa kuwa sikukuu haiwi sikukuu bila mgeni mezani, fundi akamwalika Nyanya kwa chakula cha mchana siku ya kwanza.

Wakaketi. Mezani palikuwa na mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja, kunde na chai ya tangawizi. Baraka zikasomwa. Nyanya akaketi pembeni, mgongo wake ukiwa umeegemea ukuta, mjukuu wake mdogo akiwa mapajani. Hawajafika nusu ya sahani, wingu likashuka kutoka mlimani bila kubisha hodi. Tone likaanguka kwenye chai, jingine kwenye kunde. Kisha mvua yenyewe.

Watu wakainuka kwa vicheko. Huyu kafunika mukimo, yule kachukua birika, kila mtu anakimbilia ukumbi wa sinagogi. Fundi akabaki nyuma kuhakikisha wote wametoka. Akamwona Nyanya bado ameketi. Alikuwa amevuta sahani yake kidogo kushoto, amemsogeza mtoto kidogo kulia, amejitandia kanga kichwani, na anaendelea kula. Matone yalikuwa yanaanguka huku na huku, yeye yuko katikati, mkavu.

"Nyanya! Inuka twende ndani!" fundi akaita. "Sheria inaturuhusu. Mvua ikinyesha tunaingia ndani."

"Ndani?" Nyanya akauliza, kama mtu aliyetajiwa mji asioujua. "Mwanangu, kwangu mimi mvua ikinyesha hakuna ndani. Tunasogea hivi hivi. Nenda wewe usilowe. Mimi niko sawa kabisa." Akaupigapiga ukuta nyuma yake kwa kiganja, ukalia kama ngoma. "Tena leo ni afadhali. Leo nimeegemea mabati yangu."

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli, fundi angepata pa kujitetea. Alisema kwa furaha ya mgeni aliyekaribishwa vizuri, kisha akamega mukimo akamlisha mtoto.

Fundi alisimama pale, ukumbi uko hatua chache tu nyuma yake, mlango u wazi, wenzake wanamwita. Hakuenda. Akavuta kigoda, akaketi karibu na Nyanya, naye akajifunza kusogea.

Siku hiyo na iliyofuata zilikuwa siku takatifu, siku za kutofanya kazi, na fundi hakugusa nyundo. Lakini alimwendea rabi akiwa na maji bado kwenye kola.

"Rabi, nikiyaondoa mabati, kibanda hakina kuta, na tuna siku nyingi za sikukuu mbele. Nikiyaacha, Nyanya hana paa. Nifanye lipi?"

Rabi alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu zilizokaa upandeupande. Akafikiri. "Siku hizi mbili zikipita, tunaingia siku za katikati," akasema. "Siku hizo kazi ya kujitajirisha tunaiacha. Kumkinga mtu na mvua hatuiachi. Na kuta za kibanda, fundi, zaweza kuwa za kitu gani?"

"Za kitu chochote," fundi akasema taratibu.

"Basi umenijibu."

Asubuhi ya siku za katikati, watu walipomaliza sala, hawakurudi makwao. Walifungua kamba, wakayabeba mabati wakizunguka ua. Mahali pa kuta wakafunga magunia ya viazi, wameyashona na kuyavuta kwa nguvu ili upepo wa kawaida usiyatikise. Kibanda kikawa kibaya, ndugu zangu. Kibaya kama duka lililohamwa. Na mchana ule ratiba yao ilikuwa na darasa la sheria za kibanda, ukumbini. Ukumbi ulibaki mtupu. Darasa lilihamia chini ya ngazi, fundi akiwa juu, misumari mdomoni, na rabi akifundisha chini, kitabu mkononi.

"Paa halali la kibanda," rabi akasema, "kivuli chake kizidi jua lake, lakini nyota zionekane."

"Na la nyumba yangu?" Nyanya akauliza kutoka jikoni.

"La kwako, Nyanya, tukiona nyota hata moja, fundi halipwi."

"Silipwi hata hivyo," fundi akasema huku amebana misumari, na watu wakacheka mpaka ngazi ikatikisika.

Siku zikaenda. Karibu na mwisho wa sikukuu, watu wameketi tena kati ya magunia yao, chakula kimepakuliwa, na wingu lile lile likashuka kutoka mlimani. Tone kwenye chai, tone kwenye kunde. Watu wakaanza kuinuka na sahani zao, wakielekea ukumbini. Ndipo ikasikika sauti kutoka ng'ambo ya ua, ile sauti ya kanisani, ile inayojibiwa na mbwa:

"Mnakimbilia wapi huko mbali? Sheria si inawaruhusu? Njooni huku! Ingieni ndani!"

Wakaingia. Walijaa mle hata wengine wakakaa juu ya mabeseni yaliyofudikizwa, maana hayakuwa na kazi nyingine tena. Mvua ikapiga juu ya mabati kwa kishindo, watu wakalazimika kupaza sauti ili kusikilizana, wakasali sala ya baada ya chakula kwa makelele. Fundi aliinua macho akatazama juu, kwa mazoea ya wiki nzima. Hakuona nyota, hakuona mbingu, hakuona tone. Na mke wake anasema hajawahi kumwona ametazama paa la kibanda chochote kwa furaha namna ile.

Sasa, ndugu zangu, turudi kwetu. Fundi yule hakuwa mtu mbaya. Je, kuna ngoja hata moja katika zile alizosema ambayo haikuwa na sababu takatifu? Mabenchi yalikuwa ya Mungu. Toba ilikuwa ya Mungu. Kibanda kilikuwa cha Mungu. Hakumfungia Nyanya mlango kwa sababu ya uvivu au uchoyo. Alimwacha akilowa kwa sababu ya ibada. Na sisi je? Mara ngapi tumeomba msamaha, tukasamehewa, tukatoka tukiwa wepesi, na mabati bado yameegemea ukuta wetu? Kuta hizi zinazotufanya tujisikie imara katika ibada yetu, tukizigonga kwa vidole, ni za nani?

Mimi nawapenda, na najua mnavyojitoa. Kwa hiyo mtanivumilia nikiwaambia nilichokiona pale mlangoni. Ratiba yetu ni nzuri. Sala zina siku zake. Darasa la kibanda lina mchana wake, hapa ukumbini. Kisha chini kabisa, mstari wa mwisho, tumeandika habari za zile familia za kando ya mto, zilizobomolewa nyumba, zinazolala chini ya maturubai tangu mwezi uliopita. Tumeandika hivi: "Mkutano wa kujadili msaada." Na lini? Someni wenyewe mkipita. Jumapili, baada ya sikukuu.

Leo ni Sabato, wala hatuandiki. Hiyo ni ngoja tuliyoamriwa, nayo ni fupi: nyota tatu tu angani, na Sabato imekwisha. Zikitokea jioni, mtanikuta nimesimama pale mlangoni, mbele ya ile ratiba, nina kalamu. Anayejua kupanda ngazi aje na nyundo.