Siku ya Mwakio na Kombe

Hapo zamani, wala si zamani za wafalme, ni hizi za juzijuzi tu, katika nchi ambako maziwa huganda mpaka watu wakacheza juu yake, alikuwepo beki mmoja, Mwakio, mtoto wa Wataita waliohamia huko. Usicheke, wewe uliye nyuma! Mtaita naye huteleza akifunzwa.

Mchezo wenyewe ni magongo ya barafuni. Kinachopigwa ni kisahani cheusi, kigumu, na kazi ya beki ni kukizuia, hata kwa mwili wake.

Aliyemfunza ni baba yake, Mzee Mshila. Kila majira ya baridi mzee alimwaga maji uani, yakaganda, mtoto akateleza. Viganja vikampasuka mzee, akamwaga tena. Ikafika siku ya timu kubwa kuchagua vijana. Majina yakaitwa, yakaitwa, la Mwakio halikuitwa. Mzee akaona aibu. "Basi, tafuta kazi ya maana." Mwakio hakuacha, na mzee hakusema naye tena.

Akazunguka timu ndogondogo, msimu huu mji huu, msimu ule mji ule. Mkewe Sabeti akafunga mizigo, akafungua, akafunga. Mwisho Mwakio akachoka: "Mama watoto, si niache tu?" Sabeti akasema, "Jaribu msimu mmoja." Msimu huohuo timu kubwa ikamchukua, ikafika fainali.

Wanaongoza kwa bao moja, mechi inakaribia kuisha, beki mwenzake, Aleksi, akapokonywa kisahani. Adui akapiga. Mwakio akajitupa mbele, kikamgonga ubavuni, lango likapona. Sasa, kwa wachezaji wale, kumwendea daktari kabla ya mechi kuisha ni unyonge. Mwakio akaketi kwenye benchi, akatema damu ndani ya glavu. Aleksi akaiona. "Nyamaza, ndugu yangu," Mwakio akamwambia. Aleksi akanyamaza. Kombe wakalichukua, na Mwakio akafia hospitalini.

Kombe lile lina desturi: kila mchezaji hupewa siku moja akae nalo kwake. Siku ya Mwakio ikafika. Mtunza kombe akashuka garini, akauliza, "Nimkabidhi nani?"

Mzee Mshila akasema, "Mimi. Bila maji yangu asingesimama barafuni. Nilimnunia mwanangu mpaka akafa. Niachieni nikae nalo uani, nimwombe radhi."

Sabeti akasema, "Baba, ulipomfungia mlango nilimfungulia mimi. Neno langu ndilo lililompa kombe." Akalia. "Na ndilo lililomuua. Nataka wanangu waliguse, wajue baba yao hakuwa mtu wa kukataliwa."

Aleksi akasema, "Shemeji, siku yangu mimi niliikataa. Kosa lilikuwa langu, akalilipa yeye. Niliiona damu nikanyamaza, kwa sababu aliniomba. Nipeni nilipeleke kaburini. Ninyi wote mnalitaka kwenu. Yeye nani atampelekea?"

Mtunza kombe akasema, "Mtu mmoja, mahali pamoja. Jioni naondoka nalo."

Hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kuwa amekosea, na jua halikuwa likiwangoja.

Haya, ninyi mnaofuta macho, semeni. Siku ni moja tu na mwenyewe hayupo. Je, nani alistahili kulipokea?