Kijia Kisicho na Mwenyewe

Mwezi wa saba, umande ulipoganda ukawa barafu kwenye kijia cha sokoni Ihanga, Mzee Tweve, msusi wa vikapu, aliteleza akavunjika mguu. Akajikongoja na magongo hadi kwa afisa mtendaji wa kata, Bwana Luvanda.

"Kijia kimwagiwe kokoto, mwanangu, nami nitibiwe kwa gharama ya halmashauri."

"Kijia kile si cha halmashauri, mzee," Luvanda alijibu bila hata kuinua macho. "Hakina mwenyewe."

"Kabisa?"

"Kabisa!"

"Haya, ahsante sana."

Wiki haikuisha, Tweve na majirani zake walikuwa wamekizungushia kijia uzio wa mianzi, na ndani wamepanda viazi. Luvanda alifika mbio na mgambo wawili.

"Nani kakuruhusu kulima hapa?"

"Si ulisema hakina mwenyewe?"

"Hiki ni kijia cha halmashauri! Nakuandikia wito, ukajibu barazani!"

"Andika wazi basi, mwanangu. Mimi mzee, nisije nikakosea kujibu."

Luvanda akaandika kwa hasira kwamba Tweve amevamia kijia cha halmashauri, akachomoa muhuri mfukoni, akagonga.

"Umefifia huo. Gonga tena."

Akagonga mpaka wino ukatapakaa.

Tweve aliipuliza karatasi ikakauka, akaikunja taratibu, akaitia kifuani.

"Uzio nitaung'oa leo leo," alisema kwa upole. "Sasa twende barazani, mwanangu, ukawasomee nilivunjikia mguu kwenye kijia cha nani."