Mseji wa Nyamizi

Paukwa!
— Pakawa!
Mvua je?
— Haijasikia!
Jua je?
— Halijaondoka!
Basi sogezeni vigoda.

Hapo kale, katika nchi ya ukame, Lugendo alimwoa Nyamizi. Bibi arusi alikuja na kitawi cha seji kutoka bustani ya marehemu mama yake. Seji mnaijua? Majani ya kijivu yanayonukia, maua ya zambarau. Bustani ile ililiwa na mbuzi, kikabaki kitawi kile kimoja. Nyamizi akakipanda mbele ya mlango, kikashika.

Siku moja akaitwa kwao kumuuguza baba yake.

"Mume wangu, nitunzie mseji wangu. Mama hakuniachia ukumbusho mwingine."

Lugendo, kwa kumpenda mkewe, akaumwagilia asubuhi. Akaumwagilia mchana. Akaumwagilia jioni. Majani yakageuka manjano. "Kiu hiyo!" akasema, akaongeza ndoo. Wanaume wa namna hii mnao hapa? Msinitazame mimi!

Bibi yake, Nyanzala, akamwambia, "Mume wangu," maana bibi humwita mjukuu mume, "unaunywesha au unauzamisha? Mizizi itaoza."

"Bibi, mseji huu ni mgeni. Mgeni hanyimwi maji."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"

Hakusikia. Bibi akaacha kubishana.

Kisima kilikuwa mbali. Lugendo akileta maji asubuhi: "Mume wangu, sijaoga." Akileta mchana: "Mume wangu, nguo zangu chafu." Akileta jioni: "Mume wangu, kuku wana kiu." Angemnyimaje bibi yake? Mseji ukabaki na jua tu.

"Bibi, unanivunjia ndoa!"

"Nenda kisimani, mume wangu."

Udongo ukakauka. Majani yakarudi rangi yake. Nyamizi aliporudi, mseji ulikuwa umechanua, umejaa nyuki. Akapiga magoti akanusa, akalia kwa furaha.

"Umenitunzia mama yangu!"

"Mimi nusura niuue," akasema Lugendo. "Bibi ndiye aliyeniibia maji."

Kesho yake alfajiri, Nyamizi akakata kitawi, akakipanda mlangoni kwa Bibi Nyanzala. Bibi, pamoja na mdomo wake wote ule, akainama akakinusa. Akajifuta macho kwa upindo wa nguo.

"Ahsante, mke mwenzangu. Sasa zifiche ndoo kabla mume wetu hajaamka."

Hadithi yangu imefika ukingoni. Utamu wake gawaneni. Uchungu wake niachieni.